Anayeuza Mji Mkongwe na Aulee

Soma tangazo la hoteli yoyote ya Mji Mkongwe wa Zanzibar na utakuta orodha ile ile: kiyoyozi, intaneti ya bure, bwawa la kuogelea, mgahawa wa juu ya paa, chumba cha kukandwa mwili, gari la kumpokea mgeni uwanja wa ndege. Ni huduma nzuri, na msafiri aliyelipa fedha zake ana haki ya kuzipata. Lakini hakuna hata moja kati ya hizo inayomfanya mtu wa Milan au Johannesburg avuke bahari kuja kulala mtaa wa Shangani. Kiyoyozi anacho kwake, na mabwawa ya kuogelea yamejaa Dubai.

Anachokifuata ni vichochoro visivyopitika kwa gari. Ni milango ya nakshi yenye misumari ya shaba, adhana ya msikiti wa Malindi na kengele za kanisa la Minara Miwili kusikika katika mtaa mmoja, harufu ya karafuu na samaki wa kukaanga, na majahazi yanayopita mbele ya bustani ya Forodhani jua likielekea kuzama. Bidhaa kuu ya hoteli za Mji Mkongwe ni mji wenyewe, na mji huo hakuna hoteli iliyoujenga. Uliachwa na mafundi, watumwa, wafanyabiashara, masultani, masharifu na akina mama wa vizazi vingi, na mpaka leo unatunzwa na watu wanaoishi ndani yake. Ndiyo maana nasema: anayeuza mji ana deni kwa mji, na deni hilo halijalipwa inavyopasa.

Tuanze na nyumba, maana ndiyo hazina ya kwanza. Ingia katika mojawapo ya nyumba za zamani zilizogeuzwa hoteli, uinue macho. Dari limebebwa na boriti za mikoko zilizopangwa karibu karibu, na urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba. Ndiyo sababu vyumba vya nyumba hizi ni vyembamba na virefu, takriban mita tatu kwa upana, hata katika nyumba ya tajiri. Kuta ni za mawe ya matumbawe na udongo wa chokaa, nene kiasi kwamba dirisha lake mtu anaweza kukalia. Ndani ya ukuta kuna zidaka za kuwekea vyombo na vitabu. Katikati kuna ua ulio wazi juu, ambako hewa ya moto hupanda na kutoka, ya baridi ikashuka na kuzunguka vyumbani. Mafundi wa zamani walijua kupoza nyumba kabla umeme haujafika kisiwani.

Sasa teremsha macho hadi mguuni mwa ukuta. Mahali pengi utaona lipu imevimba, rangi inabanduka vipande vipande, na chini yake unga mweupe wa chumvi unakung'utika ukiugusa kwa kidole. Hapo saruji imewekwa palipotakiwa chokaa. Ukuta wa matumbawe hunyonya unyevu kutoka ardhini, na lipu ya chokaa huuachia utoke taratibu. Saruji huufungia ndani. Maji yakikosa njia hupanda juu zaidi, yakafika kwenye vichwa vya boriti vilivyozamishwa ukutani, mbao ikaoza mahali asipoiona mtu, hadi siku dari linapoinama. Chokaa nzuri huchomwa katika tanuri, ikazimwa kwa maji, ikaachwa shimoni muda mrefu kabla ya kuchanganywa na mchanga. Sakafu za juu zilichapwa kwa vipande vya mbao mpaka zikashikana. Ni kazi ya subira, na mwenye nyumba anayetaka kufungua vyumba kabla ya msimu wa wageni haipendi subira. Saruji inakauka wiki hii. Madhara yake yatajitokeza baadaye, pengine akiwa ameshauza hoteli.

Mji huu haukuanza na utalii. Waomani walipowashinda Wareno mwishoni mwa karne ya 17 walijenga Ngome Kongwe ufukweni. Sayyid Said bin Sultan alipohamishia makao yake hapa kutoka Maskati katika karne ya 19, na mikarafuu ikaenea mashambani, Unguja ikawa soko kuu la pwani yote ya Afrika Mashariki. Pembe za ndovu, karafuu na watu waliofanywa watumwa vilipita hapa. Wahindi, Wamarekani, Waingereza, Wafaransa na Wajerumani wakaja kufanya biashara na kufungua balozi zao, na kila jamii ikaacha alama katika mawe. Ndiyo maana utaona mlango wa Kiomani ulionyooka juu, hatua chache mbele mlango wa Kihindi wenye tao, na katikati yao baraza ya mawe ambayo haimuulizi mtu kabila lake.

Aliyetoa huduma kubwa kuliko wote katika mji huu alikuwa Sultan Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888. Alikuwa amewahi kukaa uhamishoni Bombay, na mwaka 1875 alizuru London. Aliporudi hakujijengea majumba tu. Alileta maji safi mjini kutoka chemchemi zilizo nje ya mji. Alijenga hamamu ya umma, na mtaa wake unaitwa Hamamni hadi leo. Mwaka 1883 alisimamisha Beit al-Ajaib, jengo la kwanza Zanzibar kuwa na taa za umeme na la kwanza Afrika Mashariki kuwa na lifti. Alikuwa sultani, na utajiri wake ulitoka pia katika jasho la watumwa mashambani, hilo lisifichwe. Lakini liangalie lile jambo la maji. Yaliletwa mjini, kwa ajili ya watu wa mji. Ukitaka kujua hali ya Mji Mkongwe leo, uliza maji yanaishia wapi.

Leo hoteli ina matangi juu ya paa, ina pampu na pengine kisima chake. Mgeni anaoga asubuhi na jioni, na taulo na mashuka yanafuliwa kila siku. Nyumba ya pili yake, mama anasubiri bomba litoe maji usiku wa manane ili ajaze ndoo. Visima vikivutwa kupita kiasi karibu na bahari, maji ya chumvi huingia ardhini, na hasara hiyo ni ya mtaa wote. Umeme nao una historia yake. Kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 kisiwa cha Unguja kilikaa takriban miezi mitatu gizani, baada ya njia ya umeme kutoka Tanzania Bara kuharibika. Wenye majenereta waliendelea kuwasha taa. Wasiokuwa nayo walirudi kwenye vibatari, na vichochoro vikajaa moshi na kelele za mitambo ya jirani zao. Huduma iliyokuwa ya mji imekuwa huduma ya aliyelipia chumba.

Haki itendeke kwa hoteli pia, kwani bila baadhi yao tungekuwa na magofu. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 wenye nyumba wengi waliondoka au nyumba zao zikataifishwa. Wapangaji wapya waliingizwa, familia kadhaa katika nyumba moja, bila fungu la matengenezo na bila mwenye nyumba wa kuwajibika. Mvua za masika zikawa zinaangusha nyumba mwaka baada ya mwaka. Mwaka 1985 serikali iliunda Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Katika miaka ya 1990 Taasisi ya Aga Khan ya Utamaduni ilikarabati Dispensari ya Zamani, jengo lililoanzishwa na tajiri Tharia Topan, na kuigeuza nyumba ya Extelecoms pale Shangani kuwa hoteli ya Serena. Nyumba ya Tembo, iliyowahi kuwa na ubalozi mdogo wa Marekani katika karne ya 19, ikapokea wageni. Klabu ya zamani ya Waingereza ikawa Africa House. Mwaka 2000 UNESCO iliuingiza Mji Mkongwe katika orodha ya urithi wa dunia. Hoteli zilizofanya kazi yao kwa uangalifu zilifufua boriti, roshani na milango, zikaajiri mafundi wakati mafundi hao walikuwa wakikosa kazi. Hilo ni jema na linastahili shukrani.

Lakini wema wa jana haufuti swali la leo. Nyumba ikishapata thamani ya hoteli, kodi ya mtaa mzima hupanda. Mzee aliyerithi nyumba ya wazazi wake hana fedha za kuitengeneza, ana watoto saba wanaotaka mgao, na mbele yake kuna mtu mwenye fedha taslimu. Anauza, anahamia nje ya mji. Akiondoka yeye, chuo cha Kurani kinapungukiwa watoto, duka la mkate wa ajemi linapungukiwa wateja, na baraza iliyokuwa ya wazee inawekewa maua na kibao kinachosema ni ya wageni wa hoteli tu. Baraza ya mtaa ilijengwa nje ya ukuta kwa makusudi, ili mwenye nyumba akutane na mpita njia bila kufungua ndani kwake. Anayeifunga ameondoa kiungo kilichoushika mtaa. Mgeni aliyekuja kuona maisha ya Waswahili anakuta nyumba nzuri zilizojaa wageni wenzake.

Na hao wageni wanasimuliwa nini kuhusu tulivyofika hapa? Hapa naona upungufu ambao haugharimu fedha nyingi kuuondoa. Chukua vita vya tarehe 27 Agosti 1896. Sultani alikuwa amefariki, Khalid bin Barghash akakalia kiti bila idhini ya Waingereza, na manowari zao zikapiga mizinga kwenye kasri kwa dakika zisizozidi 45. Wageni wengi husimuliwa habari hiyo kama kichekesho cha vita vifupi kuliko vyote duniani. Husahauliwa kutajwa kwamba watu takriban 500 upande wa Zanzibar waliuawa au kujeruhiwa, katika eneo lile lile ambapo leo watu huketi kula mishikaki. Msiba wa watu haugeuzwi utani kwa sababu mgeni yuko likizo.

Chukua pia mtaa wa Mkunazini. Soko la watumwa la hapo lilifungwa mwaka 1873 kwa mkataba ambao Barghash aliutia saini akishinikizwa na Waingereza, na katika Krismasi ya mwaka huo huo liliwekwa jiwe la msingi la kanisa kuu la Kianglikana juu ya kiwanja hicho, kazi iliyosimamiwa na Askofu Edward Steere. Karibu na kanisa kuna vyumba vya chini ya ardhi ambavyo wageni huambiwa ndimo watumwa walimofungiwa. Jengo lililo juu yake lilijengwa na wamisionari kuwa hospitali baada ya soko kufungwa, na kuna wanahistoria waliohoji simulizi hiyo. Ukweli wa utumwa ni mzito kiasi kwamba hauhitaji kuongezewa. Unahitaji msimulizi aliyesoma, anayemheshimu aliyeteswa na anayemheshimu msikilizaji. Hoteli inayompa mgeni ramani ya karatasi na namba ya simu ya mtembezaji yeyote yule imeukabidhi urithi wetu kwa bahati nasibu.

Tena vivutio vya mji huu havijafa, viko hai, na hiyo ndiyo neema yake. Ikhwani Safaa, kikundi cha taarab kilichoanzishwa mwaka 1905, kina umri mkubwa kuliko nchi nyingi za Afrika. Siti binti Saad, mtoto wa Fumba aliyekuja mjini akiuza vyungu, alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo kwa Kiswahili, na sauti yake ikafika kila penye gramafoni. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichofunguliwa mwaka 2002, kinawafundisha vijana kupiga udi na ganuni. Tamasha la filamu la ZIFF na lile la Sauti za Busara huijaza Ngome Kongwe. Freddie Mercury alizaliwa mji huu mwaka 1946, na Abdulrazak Gurnah, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, alikulia hapa. Jioni Forodhani, bakuli la urojo wenye bajia, viazi na chachandu linampa mgeni historia ya Bahari ya Hindi kwa bei ya chini kuliko soda ya mapokezi. Ukikaa kijiweni Jaws Corner na kikombe cha kahawa chungu, utasikia siasa ikichambuliwa kwa ufasaha ambao vituo vya redio vinautamani. Hivi ndivyo vitu vinavyomfanya mgeni arudi, na vyote vinategemea watu wanaoishi mjini, si wanaokuja asubuhi kwa daladala kutandika vitanda na kuondoka jioni.

Mwenye hoteli atanijibu kwamba yeye analipa kodi na leseni, anaajiri vijana, na kwamba maji, mitaro na urithi ni kazi ya serikali. Jibu hilo lina ukweli ndani yake. Wageni hulipa tozo ya miundombinu kwa kila usiku wanaolala, na wananchi wana haki ya kuona tozo hiyo ikitengeneza mitaro ya Malindi na Mkunazini, si barabara za hoteli za ufukweni peke yake. Serikali inawajibika, na isipowajibika iulizwe. Lakini biashara ya kuuza jina la Mji Mkongwe haiwezi kulinganishwa na kiwanda cha sabuni. Kiwanda hununua malighafi yake. Hoteli hapa inapata malighafi bure: mtaa, sura ya jirani, harufu ya jiko lake, sauti ya mwanawe akisoma. Kwa kitu unachokitumia bila kukinunua, wajibu wako ni mkubwa kuliko kodi.

Basi nini kifanyike? Kwanza, kibali cha ukarabati kiambatane na chokaa, na kila hoteli inayokarabati ichukue vijana wa mtaa wajifunze ufundi huo kwa mafundi wazee waliobaki. Nyumba za mawe zitahitaji matengenezo milele, na elimu hiyo haipatikani kwenye mtandao. Pili, hoteli yenye kisima iweke bomba nje ya ukuta wake kwa ajili ya majirani, na idadi ya visima karibu na bahari iwekewe mpaka. Mabwawa ya kuogelea ndani ya kuta za zamani yakome. Bahari iko hatua mia moja.

Tatu, idadi ya nyumba zinazoruhusiwa kugeuzwa hoteli katika kila mtaa iwe na kikomo kinachojulikana hadharani. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe ni za wakfu, na kodi zake ni ndogo kiasi kwamba haziwezi kulipia matengenezo. Sehemu ya tozo za wageni ielekezwe huko, ili mpangaji mwenye kipato cha chini aendelee kukaa chini ya paa lisilovuja. Nne, wapokeaji wageni na watembezaji wafundishwe historia na wanahistoria wetu, wapimwe, na walipwe vizuri. Tano, nyanya, samaki, mkate na viungo vya kifungua kinywa vinunuliwe soko la Darajani na kwa wakulima wa mashamba, na muziki wa ukumbini upigwe na wanafunzi wa taarab wanaolipwa kwa heshima badala ya kaseti ya kigeni.

Na sisi tunaosafiri kutoka Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi kwenda kupumzika Unguja tuna nafasi yetu. Boti ya kutoka Dar inachukua takriban saa mbili tu, na wengi wetu huvuka tukiwa na swali moja, bei ya chumba. Tuongeze maswali. Nyumba hii ilikuwa ya nani? Imetengenezwa kwa chokaa au saruji? Wafanyakazi wake wanakaa wapi? Samaki huyu ametoka soko gani? Mwenye hoteli anayeulizwa maswali hayo kila wiki ataanza kuyatafutia majibu. Na tukifika, tuvae kwa staha, tutoe salamu barazani kabla ya kutoa simu kupiga picha, kama tunavyotaka kufanyiwa kwetu.

Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya mbele ya Beit al-Ajaib, pamoja na mnara wake wa saa, ilianguka wakati ukarabati ukiendelea, na watu wawili wakapoteza maisha. Jengo lililostahimili mizinga ya mwaka 1896 lilishindwa na maji, kutu na miaka mingi ya kuahirisha. Wahenga walishasema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na mji huu una nyufa nyingi ambazo hazionekani katika picha za matangazo.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tulivyolelewa. Utalii wa Zanzibar upimwe kwa kipimo hicho. Tusihesabu vitanda peke yake, wala ndege zinazotua. Tuhesabu nyumba ngapi za Mji Mkongwe bado zina familia ndani, bomba ngapi zinatoa maji mchana, mafundi wangapi wa chokaa wana wanafunzi. Hoteli inayosaidia hesabu hizo zipande ipewe kila msaada, kuanzia unafuu wa kodi hadi sifa magazetini. Inayozishusha isipewe kibali kingine, hata kama bwawa lake ni zuri namna gani.